Siku Maman Colombe Alipotembeza Mbwa

Baridi ya mwezi wa saba, kule kwenye vilima vya juu ya Lwiro, haibishi hodi. Hupenya chini ya mlango, ikakushika vifundo vya miguu, ikapanda hadi magotini, na ukifumbua macho asubuhi unaikuta imeshakaa. Maman Colombe M'Cirhuza alikuwa amefika kwa mdogo wake Isidore siku ya Jumatano, na mpaka Jumamosi hiyo alikuwa hajakwenda mbali kuliko choo. Kutwa alikuwa jikoni juu ya kigoda, kikwembe kimoja kiunoni na kingine mabegani, miguu karibu na mafiga mpaka soksi zikanuka moshi.

Na wala hakuja kukaa. Alikuja kutembea. Daktari wake mjini Bukavu ndiye aliyemtuma: "Maman, hii sukari haitashuka na dawa peke yake. Utembee. Kila siku, saa nzima." Mjini angetembea wapi, na njia za Nguba zile, pikipiki mbele, pikipiki nyuma, vumbi katikati? Akafunga mfuko wake akapanda taxi-bus ya Kavumu. Kila jioni binti yake Fanny alimpigia simu kutoka Kisangani kuuliza kama ametembea, na kila jioni Maman Colombe alijibu kwamba ametembea. Hakuona kama anasema uongo. Choo cha Isidore kilikuwa mbali.

Asubuhi hiyo ya Jumamosi Isidore alikuwa ameketi mlangoni, mguu wa kushoto umefungwa bendeji na kupumzishwa juu ya gunia la maharagi. Siku ya Jumanne alikuwa ameanguka kutoka kwenye mti alikotundika mizinga yake ya nyuki. Mkewe Mapendo alikuwa Walungu, kwa binti yao aliyejifungua. Nyumbani walikuwa wamebaki kaka, dada, na mbwa wawili.

"Yaya," Isidore alimwambia dada yake mkubwa bila kumtazama usoni, "leo ni wewe."

"Ni mimi nini?"

"Ni wewe utapeleka imbwa ku vaksini."

Maman Colombe aliweka kikombe chini. Habari za chanjo alikuwa amezisikia. Mwezi uliopita mbwa mwenye kichaa alipita kijiji cha pili, akauma mbuzi watatu na mtu mmoja, na chifu akatangaza kwamba kuanzia Jumapili mbwa yeyote asiye na karatasi ya chanjo atapigwa rungu. Wachanjaji walikuwa kwenye uwanja wa mpira, kule chini kwenye njia ya Lwiro, siku hiyo tu, mpaka saa sita.

"Isidore, mimi nilifundisha Kifaransa miaka makumi tatu na ine. Sijashika imbwa hata siku moja."

"Ni kushika kamba tu, yaya. Hautashika imbwa."

"Na kama zinakataa kutembea?"

"Hizi?" Isidore alicheka. "Utaomba zikatae."

Mbwa wenyewe walikuwa wamekaa uani wakisikiliza. Mmoja alikuwa jike mzee wa rangi ya udongo, sikio moja limechanika, mwenye adabu za mtawa. Huyo aliitwa Bahati. Wa pili alikuwa dume wa miaka miwili, mwekundu, mwenye pete nyeupe shingoni, miguu mirefu na akili fupi. Huyo aliitwa Mutachoka.

Mutachoka lilikuwa jina la ugomvi. Miaka mitatu nyuma Isidore alipanda mstari wa mikaratusi kwenye mpaka wa shamba lake na la Murhula, jirani wa ng'ambo ya kijito. Murhula akasema miti ile inakunywa maji ya maharagi yake. Isidore akasema maharagi ya Murhula yamekuwa yakinyauka tangu enzi za babu yake. Kesi ikaenda kwa chifu, ikarudi, ikaenda tena, na watu wawili waliokuwa wakinywa kasiksi, pombe ya ndizi, kwenye kibuyu kimoja wakaacha hata kusalimiana. Ndipo Isidore akatafuta mbwa, akampa jina ambalo angeweza kulipaza kila alfajiri akiwa amegeukia ng'ambo: "Mutachokaaa!" Murhula naye hakulala. Ng'ombe wake akamwita Sihami. Basi ikawa kila kukicha kilima kimoja kinasema mtachoka, kilima cha pili kinajibu sihami, na wale wanaoishi katikati wanapiga mswaki na kusikiliza.

Maman Colombe alivaa kabuti ya Isidore, buti za mpira za Mapendo na kofia ya sufu iliyomfunika nyusi. Bahati alifungwa kamba ya nailoni. Nailoni ikaishia hapo, Mutachoka akafungwa kamba ya mgomba.

"Ukimwita, ita na nguvu," Isidore aliagiza. "Ya pole pole haisikiaki."

Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba migomba ya jirani ilionekana kama watu wamesimama kwenye foleni. Maman Colombe alikuwa amepanga kutembea kwa heshima, hatua kwa hatua, kama alivyozoea kutoka kanisani. Mbwa walikuwa na mpango mwingine. Mutachoka alivuta kulia kunusa kinyesi cha mbuzi, Bahati akavuta kushoto kwa kuwa ndiko njia ilikoelekea, na mwalimu wa Kifaransa akashuka kilima akiwa ametandaza mikono kama nguo iliyoanikwa. Baridi ilimchoma puani. Nyasi zililowesha pindo la kabuti. Hata hivyo alipofika chini ya kilima cha kwanza alishangaa kuona kwamba anatoa jasho.

Hapo alikutana na wanawake watano waliokuwa wakipanda kutoka bondeni, vikapu vya kabichi mgongoni, kamba za vikapu zikiwavuta paji la uso. Mutachoka aliwarukia kwa furaha.

"Mutachoka!" Maman Colombe alipaza sauti. "Mutachoka, nimesema! Mutachoka!"

Wanawake walisimama. Yule wa mbele, mama mnene mwenye kitambaa cha manjano, alimtazama kutoka kofia mpaka buti.

"Maman," alisema, akihema, "tulishachoka tangu chini kule. Kama uko na nguvu ya kusema, kuja ubebe."

"Hapana, maman, samahani, ni jina! Ni jina ya imbwa!"

Kisha mmoja wa nyuma akapiga kelele, "Iyo ni imbwa ya Isidore!" na kicheko kikalipuka, wakacheka mpaka kabichi moja ikatoka kikapuni na kubingirika, Mutachoka akaifukuza kana kwamba ni sungura. Waliirudisha ikiwa na alama za meno. Mama wa kitambaa cha manjano aliifuta kwa kiganja, akasema mnunuzi atadhani ni panya, akamtakia Maman Colombe safari njema. "Tembea vizuri. Lakini imbwa na kamba, maman! Wazungu tu ndio banafanyaka ivyo."

Aliendelea akiwa na tabasamu, na pengine tabasamu hilo ndilo lililomfanya alegeze mkono. Kwenye msitu mdogo wa mikaratusi nguchiro alikatiza njia. Kamba ya mgomba ilitoa sauti ndogo, *tak*, na Maman Colombe akabaki ameshika kipande chenye urefu wa kiko cha babu yake. Mkia mwekundu uliingia ukunguni, ukapotea.

Alisimama. Katika miaka yake yote ya kufundisha hakuwahi kupoteza mwanafunzi kwenye matembezi ya shule, na sasa, kati ya wawili, mmoja alikuwa amekwenda. Alivuta pumzi na kutoa ile sauti iliyokuwa ikinyamazisha darasa la watoto sitini na tano.

"Mutachokaaa!"

Ukungu ulimeza sauti. Kutoka mbali, chini kushoto, ng'ombe akalia.

Bahati aliinua kichwa, akamtazama mara moja, kisha akageuka na kuanza kuvuta kuelekea alikolia ng'ombe. Hakuvuta kama mbwa anayetafuta. Alivuta kama mtu anayejua njia na amechoka kusubiri. Maman Colombe alifuata. Wakashuka hadi kwenye kijito, ambacho daraja lake lilikuwa magogo mawili yaliyolowa umande. Alijaribu kusimama juu yake, mguu ukateleza. Akatazama huku na huku, akaona hakuna mtu, akapanda magogo kama mtu anavyopanda pikipiki na kujisogeza mbele kwa makalio, kabuti ikiburuta majini, huku Bahati akimngojea ng'ambo kwa uvumilivu mwingi.

Juu ya kijito kulikuwa na boma la miti, ng'ombe mmoja mweusi, bila shaka Sihami, na jiko la udongo linalofuka moshi. Mlangoni mwa jiko alichuchumaa mzee mwembamba mwenye sweta na kofia ya majani. Mbele yake palikuwa na sahani ya bati, ya buluu, yenye ua jekundu katikati, na juu ya ua hilo Mutachoka alikuwa akila bugali la jana.

"Kula pole pole, Padri," mzee alikuwa akisema. "Hakuna mutu anakufukuza."

Bahati alibweka mara moja. Mzee aliinua macho, akamwona mwanamke aliyelowa, aliyevaa kabuti ambayo aliitambua vizuri sana, na uso wake ukabadilika kama wa mtu aliyekutwa kwenye chumba cha jirani.

"Jambo, Papa Murhula," alisema Maman Colombe.

"Jambo, maman. Ni... ni dada ya Isidore?"

"Ni mimi. Na iyo ni imbwa ya Isidore."

"Iyo?" Murhula aliitazama kana kwamba ameiona sasa hivi. "Iyo inapitaka tu hapa. Mara moja moja."

"Inapitaka na sahani yake?"

Mzee alitazama viatu vyake. Maman Colombe alikuwa amewaona wanafunzi wengi wakitazama viatu vyao namna ile, na alijua kwamba dawa yake ni kungoja. Alingoja. Mutachoka alimaliza, akalamba ua jekundu, akaja kumnusa buti kama mtu anayesalimia mgeni kwake.

"Ni tangu muke yangu Bintu alikufa," Murhula alisema hatimaye. "Pasaka ya mwaka jana. Batu ya kilio walikaa siku tatu, wakarudia kwao. Ni haki yao, wako na mashamba. Asubui ya siku ya ine nafungua mulango, nyumba iko kimya mpaka unasikia maji inachemka. Na hii imbwa imelala pale. Nikaifukuza. Ikakaa. Kesho yake tena, nikaifukuza tena. Siku ya tatu nikasema, basi, nitakula na nani? Nikaipa." Alikuna shingo. "Ile jina yake siwezi kuiita mu kinywa yangu. Iko na kola nyeupe, nikaiita Padri. Tafazali maman, usiambie Isidore."

Maman Colombe aliangalia jiko. Kulikuwa na kigoda kimoja karibu na moto na kingine kimepinduliwa juu ya kinu, cha mtu ambaye hangerudi kukikalia. Alikumbuka nyumba yake ya Nguba baada ya mazishi ya mumewe, namna alivyoacha redio ikisema siku nzima, lugha yoyote, bora isinyamaze.

"Sitamwambia kitu," alisema. "Lakini kamba imekatika, saa inaenda, na hii imbwa mimi hainisikii. Kama haifike ku vaksini leo, kesho wataipiga rungu. Chukua koti yako, papa, tuende."

"Mimi? Nitembeze imbwa ya Isidore mu njia, batu wanaona?"

"Utakuwa unasindikiza mama muzee. Kuko zambi gani?"

Murhula alimtazama mbwa. Mbwa alimtazama Murhula. Mzee akaingia ndani, akatoka na koti la suti lililokuwa na umri wa uhuru.

Basi wakaenda wanne. Mutachoka hakuhitaji kamba tena. Alitembea mguuni pa Murhula, akikimbia mbele, akirudi kuhakikisha, akikimbia tena. Baada ya muda Maman Colombe alimfungua na Bahati, kwa kuona aibu kumfunga mtu mzima. Walipanda kilima cha pili, na katikati ya kilima ukungu ukapasuka. Nyuma yao milima ya Kahuzi ilisimama myeusi, na mbele, chini kabisa, ziwa lilikuwa limelala na kisiwa cha Idjwi juu yake, na jua la kiangazi, jua lile jeupe lisilo na joto, likateremka juu ya mashamba ya chai. Upepo ulinukia majani ya mkaratusi na moshi wa nyasi. Maman Colombe alivua kofia. Masikio yalimuuma kwa baridi na hakujali.

"Unatembeaka ivi kila siku?" aliuliza.

"Na nani?" Murhula alisema, kisha akacheka kidogo, peke yake. "Na huyu. Mpaka pale ku chai. Anarudia kwao mbele ya saa ine, Isidore asijue."

Alimweleza njia zote za mbwa yule: kwamba anaogopa bata, kwamba anapenda maganda ya viazi vitamu, kwamba siku ya mvua ya mawe alijificha chini ya kitanda na kugoma kutoka mpaka alipoimbiwa wimbo wa kanisa. Maman Colombe alicheka mpaka akalazimika kusimama. Aliona amekwenda zaidi ya saa nzima, na miguu, ile miguu aliyoilalamikia kwa madaktari wawili, ilikuwa inaendelea yenyewe.

Uwanja wa mpira ulikuwa vurugu tupu. Mbwa walikuja wakivutwa, wakibebwa, mmoja ndani ya kikapu cha kuku, mwingine ndani ya gunia huku kichwa pekee kikiwa nje. Kijana wa mifugo, Delphin, mwenye koti jeupe lililokwisha kuchafuka, alikuwa amekaa nyuma ya meza akiandika na kuchoma, kuchoma na kuandika. Walijipanga mstari. Mbele yao alisimama Gaston, fundi wa paa, mwenye mdomo unaokwenda kasi kuliko pikipiki.

"Ee Mungu wangu!" Gaston alisema, akigeuka. "Papa Murhula! Na imbwa ya Isidore!"

"Ninasindikiza maman," alisema Murhula, akitazama goli la mbali.

"Anakusindikiza, maman?"

"Ananisindikiza," Maman Colombe alisema, kwa sauti ya darasani, na Gaston akageuka mbele. Lakini mkono wake ulikuwa umeshaingia mfukoni kutafuta simu.

Kila mtu alitarajia Mutachoka ndiye angeleta shida. Murhula alimkumbatia, akamnong'oneza kitu sikioni, na sindano ikaingia na kutoka mbwa akiwa amefumba macho. Ni Bahati, mtawa yule, mtu wa adabu, aliyegeuka ghafla na kumng'ata Delphin mkono wa koti, akauchana hadi kiwikoni, kisha akaketi tena akitazama mbele kana kwamba hakuna lililotokea.

"Pole, dokta," alisema Maman Colombe. "Nazani ni umri."

Delphin alitazama koti lake, akahema, akachukua kalamu. "Jina ya ile nyekundu?"

"Mutachoka," alisema Maman Colombe.

"Padri," alisema Murhula, wakati uleule.

"Ni imbwa moja ama mbili?"

"Ni moja," Maman Colombe alisema. "Iko na majina mbili, kama mukristu yote."

Delphin aliandika yote mawili. "Na mwenyewe?"

Maman Colombe alifungua kinywa, lakini Murhula alimtangulia.

"Isidore Cirhuza," alisema waziwazi, na mstari mzima ulisikia, kwa sababu mstari mzima ulikuwa umenyamaza kumsikiliza. Ilikuwa miaka mitatu tangu jina lile lipite mdomoni mwake.

Walirudi polepole. Jua lilikuwa juu lakini upepo ulikuwa umeongezeka, na Murhula alianza kuchoka, kwa hiyo walipumzika mara mbili, mbwa wakijilaza miguuni pao. Maman Colombe alijua anachohesabu Murhula kichwani: hatua zilizobaki mpaka mikaratusi ya mpaka, ambapo angegeuka na kushuka kwake kabla hajaonekana.

Lakini simu ya Gaston ilikuwa imewatangulia. Kwenye mikaratusi, akiegemea fimbo, mguu wenye bendeji umeinuliwa kidogo kama wa korongo, alisimama Isidore.

Murhula alisimama upande wake wa mstari wa miti. Isidore alibaki upande wake. Mutachoka alimkimbilia mmoja, akamrudia mwingine, akakimbia tena, akaishia kukaa katikati, ulimi nje. Maman Colombe alikuwa na maneno tayari, ya Kifaransa na ya Kiswahili, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akaamua kuyameza.

"Imechomwa?" Isidore aliuliza.

"Imechomwa," alisema Murhula. "Haikulia."

"Na imekula?"

Murhula alimtupia Maman Colombe jicho. Naye akatikisa kichwa: mimi sijasema.

"Imekula," mzee alisema. "Asubui."

"Najua. Kila siku inarudia na tumbo kama ngoma. Ulizani mimi nilizani inakula hewa?" Isidore alibadilisha fimbo mkono. Sauti yake ilikuwa imeanza kwa ukali na sasa ukali ulikuwa unamtoroka. "Murhula, mimi ndiye ninaifunguaka. Tangu ile siku. Kila asubui ninaifungua na ninaiambia, enda. Mimi miguu ilikataa. Sikuja ku kilio ya Maman Bintu. Ule mama alinipikia siku nilioa. Sikuja."

Upepo ulipita juu ya miti. Isidore alivua kofia.

"Pole ya musiba," alisema. "Imechelewa."

Murhula aliinama, akampapasa mbwa kichwani.

"Ulikuja," alisema Murhula.

"Sikukuja."

"Nilikuona. Siku ya maziko, wakati tunashusha sanduku, niliinua macho. Ulikuwa hapa mu hii miti yako mubaya, na kofia mu mukono, kama sasa. Ulisimama mpaka tukamaliza. Nilingoja ushuke. Haukushuka." Alipangusa pua kwa mkono wa koti. "Lakini nilikuona."

Isidore alisimama kwa mguu wake mmoja, akitazama chini, na mabega yake yakawa yanapanda na kushuka. Murhula akapita kati ya miti miwili, akaja akamshika kiwiko, upande ule usio na fimbo.

"Tuingie," alisema. "Utaanguka mara ya pili, na Maman Colombe amechoka kubeba batu."

Maman Colombe aliwapikia bugali na kuwakaangia sambaza, dagaa wa ziwani, akaweka mezani kibuyu cha kasiksi ambacho Mapendo alikuwa amekificha nyuma ya magunia. Kwa robo saa walikula kwa tahadhari kama watu wanaojaribu viatu vipya. Kisha Isidore akasema angekata miti miwili, ile ya karibu na maharagi. Murhula akasema miwili ni dharau, miti ni kumi na minne, akate saba. Isidore akasema saba ni wizi. Murhula akagonga meza. Sauti zao zikapanda pamoja, zikashuka pamoja, mmoja akimmiminia mwenzake huku akimwita kichwa ngumu, na Maman Colombe, aliyekuwa akiosha vyombo, akaelewa kwamba watakuwa hapo mpaka jioni na hawamhitaji hata kidogo.

Alipangusa mikono, akachukua kabuti, ambayo pindo lake lilikuwa bado bichi, na kutoka. Mbwa wawili waliinuka bila kuitwa. Hakuchukua kamba. Walipanda njia ya nyuma ya nyumba, ile ya juu, ambayo hakuwahi kupita tangu akiwa msichana wa miaka kumi na mbili aliyetumwa kuokota kuni. Jumatatu, siku aliyopanga kurudi mjini, taxi-bus itakapopiga honi barabarani, angemtuma mtu amwambie dereva aende bila yeye. Hilo alikuwa ameshaliamua kabla hajafika kwenye kona ya kwanza. Alipanda mpaka mashamba yakaisha na nyasi ndefu zikaanza, akatafuta jiwe lililokwisha kupata jua, akakaa. Bahati akajilaza ubavuni kwake kushoto, Mutachoka kulia, wote wawili wakihema, na joto lao likapenya polepole kwenye kabuti hadi mbavuni.